Osha Tharali

Sabuni ya unga ikikutana na maji ya moto hutoa harufu inayopanda puani hata kabla povu halijainuka. Wengi wanaipenda. Jirani yangu hapa Bungoma anafua kila Jumamosi asubuhi, mlango wake unatazamana na wangu, na akimwaga tu yale maji kwenye beseni mimi hufunga dirisha. Amewahi kuniuliza kama nina pumu. Nilimwambia ndiyo, kidogo. Huo ni uongo, na nauandika hapa ili angalau ukae mahali panapojulikana. Sina pumu. Nina senge.

Senge, kwetu Wabukusu, ni dada wa baba. Mtoto akimtaja senge yake mara nyingi anacheka, kwa sababu senge ndiye anayekuletea ndizi na ndiye anayekutetea mama akishika mwiko. Wangu hakuwa hivyo. Najua nikianza namna hii mtafikiri nataka kumsema mtu mzima vibaya, na huenda ni kweli. Nimejaribu kuandika habari hii mara kadhaa, jioni nikishafunga cherehani, na kila mara nafika katikati nakuta nimemwonea mahali, nafuta. Elimu yangu iliishia darasa la nane. Nikikosea neno, mjue ni kutojua. Nikimkosea yeye, basi hapo mnihukumu.

Kuna neno la Kiingereza ambalo kwangu lina harufu ile ile ya sabuni. Neno ni thoroughly. Kwa midomo ya kwetu, ambapo l na r hubadilishana viti bila kuomba ruhusa, Senge Nafula alilitamka tharali, nami nitaliandika hivyo, maana ndivyo nilivyolijua kwanza. Mwalimu wetu wa Kiingereza kule Kitale alitueleza kwamba maana yake ni kufanya kitu kote, mpaka mwisho wake, bila kubakiza pembe. Akatupa mifano ubaoni. Pika nyama tharali. Tafuta kalamu tharali. Soma swali tharali kabla ya kujibu. Mfano mwingine hakuuandika bali aliutumia Ijumaa: kwamba atatuchapa tharali. Niliona ajabu neno moja kuingia kwenye nyama, kwenye kalamu na kwenye makalio ya mtoto, na kote likakaa sawa. Nikanyoosha mkono nikauliza kama mtu anaweza kupendwa tharali. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu alifikiri, kusema haki, hakunicheka. Akasema sentensi haina kosa lakini hajawahi kumsikia mtu akisema hivyo.

Nilifika Kitale baada ya mazishi ya baba. Senge alikuja na nguo nyeusi, akalia kuliko wote, na siku ya kuondoka akamwambia mama, "Huyu nitaenda naye. Atasoma huko." Mama hakumwomba. Hilo ni la kumwandikia Senge upande wake mzuri, na sitaki lipotee. Alininunulia viatu vyenye soli, sare mbili badala ya moja, akanipeleka shule ambayo wanafunzi walikuwa wakifaulu na kwenda sekondari za mbali. Nilikuwa na kitanda. Nililala nikiwa nimeshiba. Mwenye kutaka kusimama hapa na kusema nilikuwa na bahati, asimame, sina la kumjibu.

Nyumba ilikuwa Kibomet, vyumba viwili katika ploti yenye mfereji mmoja wa maji. Senge aliolewa na Anko Ndiwa, Msabaoti wa Saboti, mtu mrefu mpole aliyeendesha trekta za watu wakati wa kulima na wakati mwingine alikaa nyumbani akisikiliza redio. Kabla ya kuolewa Senge alikuwa akisafisha vyumba katika gesti moja ya mjini. Msimamizi wake pale alikuwa na tabia ya kupitisha leso nyeupe juu ya mlango, mahali ambapo mgeni haangalii, kisha anaonyesha leso bila kusema. Senge aliacha ile kazi akaondoka na aproni ya buluu na lile neno.

Asubuhi neno lilianza kabla ya jogoo. Fagia tharali, yaani vuta vitanda. Osha sufuria tharali, yaani hata chini yake, pale moto unapolamba, mahali ambapo sidhani hata Mungu anapaangalia. Nilisugua kwa majivu na stilwaya ya nyuzi za chuma mpaka vidole vikawa na mikwaruzo kama vya mtu aliyeparuliwa na paka. Sahani moja ikibaki na chembe ya ugali, Senge hakusema rudia ile. Alizirudisha zote majini, safi na chafu pamoja, akasema taratibu, "Tharali ni yote, Nekesa. Sio karibu yote." Visigino vyangu alivisugua mwenyewe kwa jiwe, amenishika mguu kama anayetengeneza kwato. Nikilia alisugua. Nikinyamaza alisugua. Alinipiga pia, si kila siku, na kofi lake lilikuwa na povu.

Watoto wa ploti walinipa jina. "Niaje Tharali!" walinipigia kelele nikienda mferejini. "Leo umeoshwa mpaka ndani?" Na mwingine anadakia, "Wacheni yeye bana, bado hajaanikwa!" Nilicheka nao mchana. Jioni nilimchukia mwanamke aliyenipa jina hilo, nikamchukia kwa bidii, kote, bila kubakiza pembe, na nikagundua kwamba mwalimu alisahau kutupa mfano huo.

Mtu pekee aliyemfanya Senge akimbie kwenye kioo ni mama mkwe wake. Tulimwita Kogo, ambalo ni nyanya kwa lugha yao. Alikuja kutoka Saboti mara kwa mara, mwembamba, mikono nyuma, na mursik, maziwa yao ya kuganda, kwenye chupa ya plastiki kwa ajili ya mwanawe. Aliingia, akakaa kiti cha karibu na mlango, akanywa chai. Chakula hakula. "Nimeshakula," alisema kila mara, hata akifika saa tatu asubuhi ametembea. Senge alipakua tu, akaweka mezani kitambaa cheupe, akasimama na aproni yake. Sahani ilipoa. Kogo akishaondoka, Senge alimmwagia kuku kile chakula na kusema kwa ukuta, "Ati ameshakula. Kama mkono wangu ni mavi si aseme."

Ile mursik yenyewe Senge hakuielewa. Ilikuwa na vumbi jeusi ndani yake, rangi ya kijivu ikielekea samawati. Anko aliinywa amefumba macho. Senge aliichuja kwa kitambaa kabla ya kumpa, akanionyesha weusi uliobaki kwenye kitambaa. "Unaona? Na mimi ndiye mchafu." Kogo hakuwahi kumwita jikoni kwake amwonyeshe maziwa yanavyowekwa. Senge naye hakuwahi kuuliza. Nimejiuliza nani alipaswa kuanza, na kila siku napata jibu tofauti.

Hapakuwa na mtoto katika nyumba ile. Walikuwa wameoana miaka ya kutosha watu kuanza kuuliza kwa macho. Nililijua jambo hilo kama mtoto anavyojua mambo ya wakubwa. Nililiona na sikulisoma.

Halafu mdogo wake Anko akapata mchumba. Kogo alikuja siku hiyo bila chupa ya plastiki. Alikuja amekumbatia kibuyu. Kilikuwa kirefu, shingo nyembamba, ngozi yake imekuwa ya kahawia na kung'aa kwa miaka ya kushikwa, na mfuniko wake wa ngozi ulishonewa shanga, baadhi zimeng'oka. Alikiweka juu ya kile kitambaa cheupe.

"Hii ni ya mama yangu," alisema kwa Kiswahili chake cha kukata kata. "Kijana anaoa. Maziwa ya wageni inawekwa na mke ya kijana mkubwa. Ni wewe."

Senge aliinama akaushika mkono wa Kogo kwa mikono miwili. Sijawahi kumwona hivyo, si kabla wala baada. Kogo alisema atakuja kuyaona maziwa wiki ya harusi, akaondoka. Hakusema kinaoshwaje. Huenda alifikiri kila mwanamke anajua. Huenda alijua vizuri kwamba huyu hajui. Nimelipima hili upande huu na upande ule, na nikisema nina hakika nitakuwa nadanganya.

Siku mbili Senge aliimba. Nyimbo za kanisani, lakini kwa haraka, kama za kucheza. Jumamosi akanipigia kelele nitoke nje, maji yamechemka. Kwenye beseni alikuwa ameshamwaga sabuni ya unga, si kijiko, konzi nzima ya mkono. Kando yake palikuwa na mchanga laini, stilwaya mpya ambayo alikuwa ameifunga kwenye kijiti kirefu, na kibuyu.

"Mkono yako ni mwembamba," akasema. "Utafika mahali mimi sifiki. Ndani, Nekesa. Tharali."

Nilifungua mfuniko. Naomba mniamini kwa hili kwa sababu sina shahidi: harufu iliyotoka ilikuwa nzuri. Ilikuwa ya moshi, ya kuni fulani ambazo hatukuwa nazo Kibomet, na ndani yake kulikuwa na utamu wa maziwa ya zamani. Kwetu Bungoma pia kuna vibuyu, lakini vile nilivyoviona kwa kukhu, nyanya yangu, vilisuuzwa kwa maji ya moto vikaanikwa, basi. Sikuwahi kunusa kitu kama hiki.

"Senge, inanukia vizuri," nikasema.

"Inanukia moshi. Kitu safi hainuki."

"Lakini labda wao hupenda..."

Kofi likaja na povu lake. Nikaingiza kijiti.

Maji ya kwanza yalitoka meusi kama wino. Senge alipiga makofi, kweli alipiga makofi, akawaita majirani wawili waliokuwa wakichambua mboga. "Kujeni muone! Kujeni muone hii uchafu! Na hawa ndio wanakataa chakula yangu." Mmoja wa wale akasema, "Heh, na walikuwa wanakunywa?" Mwingine aliangalia akanyamaza, akarudi kwenye mboga zake. Nilisugua. Maji ya pili meusi, ya tatu meusi. Ndani ya kibuyu kulikuwa na kitu kigumu kama rangi ya ukuta, kinatoka kwa vipande vidogo vinavyometa, na kila kipande kilichoanguka Senge alisema, "Bado. Bado." Mtaro wa ploti ukawa na mstari mweusi mpaka barabarani. Tulianza jua likiwa nyuma ya nyumba, tukamaliza likiwa limehamia mbele. Maji yalipotoka meupe, aliinua kibuyu akakitazama ndani kwa jicho moja. Akanipa mandazi mawili. Hiyo pia ni haki yake, aliniambia, "Umefanya kazi."

Mnaotoka kwa watu wa mlimani mmeshajua, na huenda mmeshashika vichwa. Ule weusi haukuwa uchafu. Huchomwa kijiti cha mti maalumu mpaka kiwe kaa, kaa likaingizwa ndani likiwa bado na moto, likasagwa kwenye kuta za kibuyu kwa ufagio mwembamba, na majivu yaliyozidi yakakung'utwa. Kila mara kidogo, juu ya kile cha jana. Weusi huo ndio hulinda maziwa yasioze na ndio hutia ladha. Kibuyu husafishwa kwa maji ya moto na kile kifagio, sabuni haikiguzi, kwa sababu kibuyu kina vinyweleo na kikishakunywa sabuni hakitapiki. Tulichokikwangua Jumamosi ile kiliwekwa na Kogo, na kabla yake mama yake. Niliambiwa haya yote baadaye, na watu waliokuwa na uvumilivu wa kunieleza.

Senge alichemsha maziwa, akayapoza, akayatia, akafunga, akakining'iniza kibuyu pembeni mwa chumba chao. Alichagua maziwa ya ng'ombe mmoja, hakuchanganya. Aliyatunza kama mgonjwa.

Kogo alikuja Alhamisi na wanawake wawili wa ukoo wao. Sikuelewa kwa nini watatu, kuangalia maziwa tu. Walikaa. Anko alikuwa nyumbani, akazima redio. Senge alileta kibuyu kwa mikono miwili, nami nikaleta vikombe nikasimama kwenye pazia la jikoni.

Kogo alifungua, akanusa. Akanusa tena, akampa mwenzake, yule akanusa akarudisha uso nyuma. Kogo akamwaga kidogo kwenye kiganja, akalamba kwa ncha ya ulimi, akatema mlangoni. Kisha akaingiza kidole shingoni mwa kibuyu, akazungusha, akakitoa. Kilikuwa na maziwa tu. Akakiinua juu kuwaonyesha wenzake, kidole cheupe, jinsi yule msimamizi wa gesti alivyoinua leso yake iliyoingia vumbi. Alisema jambo kwa lugha yao kwa sauti ya chini. Mmoja wa wale wanawake akaweka mkono mdomoni.

Anko akauliza, "Mama, ni nini?"

Kogo alimtazama Senge. "Nani aliosha hii?"

Nilisubiri. Nakumbuka kwamba sikuogopa hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilikuwa na hakika. Senge alikuwa mkali, lakini katika nyumba ile yeye ndiye aliyekuwa na amri ya kila kitu, hata ya mahali pa kuweka ufagio. Nilidhani atasema, "Ni mimi, nilitaka kiwe kisafi," na wataelezana mambo ya wakubwa.

"Ni huyu mtoto," Senge akasema.

Akageuka akanielekezea kidole. "Nilienda sokoni, nikirudi nikapata ameshaosha. Ati anasaidia. Nimemwambia mara ngapi, vitu ya wenyewe haiguzwi! Lakini watoto wa siku hizi bana, ukigeuka tu. Mjeuri! Mjeuri huyu, nimechoka na yeye."

"Senge," nikasema.

"Nyamaza! Unaona anavyojibu?"

Yule jirani aliyeangalia akanyamaza Jumamosi alikuwa nje, karibu na mlango, anasikia kila kitu. Aliokota ungo wake akaingia kwake. Anko alinitazama kwa muda mrefu, kisha akautazama ukuta. Nafikiri alijua. Sina njia ya kuthibitisha.

Kogo alikifunga kibuyu, akakifunika kwa leso yake kama mtu anayefunika maiti. Akasema, "Huyu mtoto hawezi kukaa hapa. Leo kibuyu, kesho nini?" Aliyasema juu yangu macho yakiwa kwa Senge. Na Senge, haraka kuliko nilivyowahi kumwona akifanya jambo lolote, akajibu, "Kesho asubuhi anaenda kwao. Hata kesho ni mbali."

Alifunga nguo zangu mwenyewe. Alizikunja kama alivyozoea, pembe kwa pembe, sare zote mbili, hata soksi. Hakuniambia neno. Nilikuwa naangalia mgongo wake nikisubiri ageuke, angalau akonyeze, angalau aseme nitakuja kukuchukua. Aliifunga zipu akatoka. Asubuhi Anko alinipeleka steji, akaninunulia mkate, akanishika kichwa. "Wewe si mtoto mbaya," akasema. Nilimchukia yeye pia, kwa sababu aliyasema mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuyasikia.

Mama alinipokea akiwa na mikono ya udongo, alikuwa anapalilia. Habari ilishafika kabla yangu, Senge alipiga simu kwa jirani mwenye simu. Nilieleza. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Senge yako ndiye alikuchukua wakati hakuna mtu mwingine alikuchukua. Usiniaibishe." Ilikuwa katikati ya muhula. Shule ya karibu ilijaa na mwalimu mkuu akasema nisubiri Januari. Nilisubiri nikichunga mbuzi wa watu. Januari nikarudia darasa, mwaka uliofuata nikafanya mtihani, nikafaulu kiasi, na hapakuwa na wa kunipeleka mbele. Wale niliokaa nao dawati moja Kitale, mmoja ni muuguzi, mwingine ni mwalimu. Sisemi ningekuwa kama wao. Huenda ningefeli vizuri tu nikiwa kule kule. Lakini sikupewa nafasi ya kufeli mwenyewe.

Na kwenye kila mkutano wa familia, matanga au harusi, kulikuwa na mjomba wa kusema, "Huyu ndiye yule wa kibuyu? Wekeni vyombo mbali!" Watu wakacheka. Senge akicheka nao, na mimi nikimimina chai.

Mwaka jana alikuja Bungoma kwa mambo ya shamba la baba yao, akashukia kwangu kwa sababu mama yangu sasa hasikii vizuri. Amezeeka. Anaburuta mguu wa kushoto. Anko Ndiwa alishafariki, Kogo pia, na Senge bado anakaa Kitale katika nyumba ambayo wakwe zake hawakumtoa. Aliketi kando ya cherehani yangu, akapitisha kidole juu ya meza. Kidole kilitoka na vumbi la nyuzi. Nilikiona.

Nikamuuliza. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno mengi na yote yakakimbia, nikabaki na haya tu, "Senge, kwa nini ulisema ni mimi?"

Hakujifanya hajui nazungumza nini. Nampa hiyo pia.

"Wale wanawake wawili," akasema, "unafikiri walikuja kuonja maziwa?"

"Walikuja kufanya nini?"

"Walikuja kuwa mashahidi. Kibuyu ilikuwa mtego ama haikuwa mtego, mimi sijui, Mungu anajua. Lakini walikuja wakijua ikiharibika wanarudi na mimi kwetu siku hiyo. Hana mtoto, hajui maziwa, amedharau vitu vya wenyewe. Si inatosha? Ndiwa angeambiwa aoe mwingine. Alikuwa ameshaonyeshwa msichana."

"Kwa hivyo ukatoa mimi."

"Mtu mmoja ilikuwa lazima arudishwe." Alisema bila kuinua sauti. "Wewe ulikuwa na mama. Mimi baba amekufa, mama amekufa, ndugu yangu ndio huyo tumezika. Ningerudi wapi, Nekesa? Kwa jikoni ya mama yako?"

"Ungeniambia. Hata ukifunga zile nguo. Neno moja."

"Ningekuambia, ungeenda kuambia mama yako. Mama yako angeambia mtu. Ingerudi Saboti."

Nikafikiri. Ni kweli, ningemwambia mama. Ningemwambia kila mtu. Nilikuwa mtoto aliyeharakisha ukweli.

Sasa mimi ni mke wa mtu. Nimeketi mbele ya mama mkwe wangu na sufuria ya kuku, nikahesabiwa makosa kwa macho, na najua jinsi chumba kinavyokuwa kidogo. Siku ile niliona kibuyu, na kidole, na senge mkali. Sikuona kwamba mkali yule alikuwa amesimama mlangoni kwa watu, mguu mmoja nje, na kwamba alitazama chumbani kutafuta cha kushika asitolewe, na mkono wake ukanikuta mimi. Sikuona pia kwamba Kogo alikuwa mjane anayelinda kitu cha mwisho cha mama yake mikononi mwa mtu aliyekiita uchafu mbele ya ploti nzima. Nayaona yote leo, nayaeleza bila kumpunguzia mtu. Nilitarajia nikishayaona hasira itaisha. Haijaisha. Labda kasoro ni yangu. Labda mtu anaweza kuwa na sababu ya kweli na bado awe amekufanyia ubaya mzima, na hakuna kimoja kinachofuta kingine.

Hakuomba msamaha, sikumwomba aombe. Alikula ugali na mboga akamaliza. Jioni ilipokaribia nilimsindikiza mpaka barabarani, tukienda kwa mwendo wa mguu wake. Nilimsimamishia bodaboda, kijana nimjuaye, nikamwambia aende pole pole, aepuke mashimo, mzee ana maumivu. Senge alipanda kwa shida, nikamshika kiuno mpaka akakaa. Alinitazama, akasubiri. Alikuwa anasubiri lile tunalomwambia kila mgeni anayeondoka, hata yule aliyetuchosha, hata mpita njia aliyeomba maji: "Karibu tena."

Nilimrekebishia leso begani isinaswe na gurudumu, nikarudi nyuma, pikipiki ikaondoka.